Tonge la Heshima la Fundi Songoro

Kabla sijasema lolote, naishukuru serikali. Ndivyo ilivyo kazi yangu. Mimi ni mshereheshaji, na penye hafla yoyote ya kitaifa katika nchi hii, ile sauti inayosema "hayo ni makofi au mnafukuza nzi?" ni yangu. Watu huniita Tarumbeta. Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa, la hasha, ni kwamba yenyewe inajijua.

Sasa nasikia huko mitaani watu wanasema eti fundi Songoro aliuawa. Aliuawa na nani? Nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, kipaza sauti mkononi, na ninaapa sikuona mtu yeyote akimfanyia jambo lolote isipokuwa kumheshimu. Kaeni niwasimulie.

Kwanza mjue sisi ni watu wa namna gani. Kwetu mtu akikutana nawe hakutazami usoni, anakutazama tumboni. Likiwa limeongezeka, atakushika mkono kwa mikono miwili na kusema, "Mashallah, umenawiri!" Likiwa limepungua, atashusha sauti: "Kwani nyumbani kuna nini?" Na mke wa mtu mwembamba haulizwi kitu. Anaangaliwa tu sokoni, mpaka anasahau alichofuata.

Vyeo navyo vinajulikana kwa kiuno. Mkuu wa wilaya hafungi kifungo cha chini cha koti. Waziri akisimama wima hapaswi kuviona viatu vyake mwenyewe, la sivyo watu watasema uteuzi wake ulikuwa wa majaribio. Tuliwahi kuwa na naibu waziri mmoja mwembamba, tukamvumilia kwa miezi kadhaa, halafu akahamishiwa idara ya ramani ambako hakuna anayeingia.

Na tuna tonge la heshima. Hili ndilo roho yetu. Mgeni rasmi akija kwenye hafla, hukunja mkono wa shati, hunawa mbele ya watu, hufinyanga tonge na kumlisha mdomoni yule anayeheshimiwa siku hiyo. Wakubwa wengine wote waliopo hufuata, kila mmoja na tonge lake. Kukataa hakuwezekani. Ukikataa tonge la mkubwa umemwambia hadharani kwamba mkono wake ni mchafu, na jambo hilo lina sheria yake na lina gereza lake. Bwana mmoja alijitetea kwamba siku hiyo amefunga. Akafungwa.

Mambo hugeuka mahali pamoja tu, nako ni msibani. Hapo mfiwa ndiye anayelisha, na mgeni rasmi ndiye anayekula, na ataendelea kula mpaka mfiwa mwenyewe aseme "basi". Kwa kawaida mfiwa husema basi baada ya tonge la kwanza, maana ana kilio chake kinamsubiri. Nawaambia mapema ili baadaye msije mkasema Tarumbeta alituficha.

*

Fundi Songoro alikuwa na cherehani yake ya pedali barazani, mkabala na lango la Wizara ya Lishe na Shibe. Kazi yake kubwa ilikuwa kuongeza viuno. Kila uteuzi ulipotangazwa redioni, yeye alishaanza kufumua mishono. Suruali alizoshona mwenyewe aliziachia kitambaa cha ziada kwa ndani, kiunoni, na mteja akiuliza ni cha nini alijibu, "Hiyo ni akiba ya cheo, mkubwa." Wakubwa walimpenda sana kwa hilo.

Naye zamani alikuwa mtu wa maana. Tumbo lake lilikuwa likigusa meza ya cherehani, akishona shati linasukumwa na tumbo kila akivuta pumzi. Kisha akaanza kunywa maji bila kutosheka na kwenda haja bila kumaliza. Siku moja sindano ilianguka, akaikanyaga, ikamchoma unyayo wa mguu wa kulia, mguu wa pedali, wala hakuisikia. Mkewe, Mwanaheri, ndiye aliyeiona jioni ikiwa bado imo mguuni, na damu imeganda kwenye kandambili. Kidonda kikatokea, na hakikutaka kupona.

Kwenye zahanati yetu kulikuwa na daktari msichana, Sikudhani jina lake, mtu asiye na adabu ya maneno. Alimwambia Songoro bila kupepesa, "Fundi, una sukari. Chagua: huu mguu au masinia ya wali. Vyote viwili huvipati."

Songoro alicheka. Mwanaheri hakucheka.

Alirudi nyumbani akalibadilisha jiko lote. Samli akaigawa kwa majirani. Akaanza kupika mchicha, kunde, dagaa wa kuchemsha na ndimu, na kipande cha ugali wa mtama kinachoenea kiganjani. Songoro alinuna wiki nzima, anakaa mbele ya sahani kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Mwanaheri alikaa naye, anakula kilekile, anamwambia, "Tafuna, mume wangu. Mguu huo ndio unaotulisha wote wawili. Ukikatwa utakanyagia pedali nini?"

Songoro akapungua. Mtaa mzima ukashtuka! Mawifi zake walikuja wamevaa kanga za shari, wakakaa bila kukaribishwa.

"Wifi, kaka yetu tulikupa mzima," alisema yule mkubwa. "Huyu unayetuonyesha ni nani?"

"Ni yuleyule. Muulizeni mwenyewe."

"Tumuulize nini naye hana nguvu ya kujibu? Unamlisha majani, amekuwa mbuzi? Watu wanasema una lako jambo."

"Waache waseme," alijibu Mwanaheri. "Mdomo ni wao, mguu ni wa mume wangu."

Mnaona lugha hiyo? Mimi huyu mwanamke sikumpenda tangu mapema, siwafichi. Lakini ukweli usemwe: kidonda kilifunga. Ngozi mpya ikaja, laini, ya rangi ya waridi, na siku moja tulipokuwa getini tukasikia cherehani ikilia tena, taka-taka-taka, Songoro anakanyaga pedali huku akiimba. Mwanaheri alisimama mlangoni akimtazama mguu tu, analia bila sauti. Dakta Sikudhani alimwambia, "Umemwokoa. Ila sukari haikuondoka, imelala tu. Mkiiamsha, itaanza na huu mguu."

*

Basi wakaja wageni kutoka ng'ambo. Walikuja na magari meupe na nia njema. Mkuu wao alikuwa bwana mmoja mrefu, mkavu, anayebeba karoti kwenye mkoba wake na kuitafuna katikati ya mazungumzo. Walisema wamesikia watu wetu wanaugua kwa ulaji, na wako tayari kutusaidia sana tu ikiwa tutawaonyesha mwananchi mmoja, mmoja tu, anayekula kwa afya na akapona.

Waziri wetu, Mheshimiwa Mapande, aliwakaribisha kwa karamu. Alipotaka kumlisha yule mkuu wa wageni tonge la heshima, mgeni akaweka mkono kifuani, akasema samahani, yeye hali nyama wala mafuta wala wanga mchana. Mimi jasho likanitoka. Mheshimiwa akatafakari, kisha akatabasamu: "Ni utamaduni wao, jamani. Tuuheshimu." Tukapiga makofi. Hapo ndipo ninapoipenda nchi yetu, inaheshimu utamaduni wa kila mtu.

Ila swali lilibaki: tumpate wapi huyo mwananchi? Baraza zima la wizara lilikaa kikao, wakala kutwa nzima, hawakumpata. Mheshimiwa Mapande ndiye aliyekumbuka, alipokuwa akienda haja. Alikwenda haja mara nyingi, Mheshimiwa, hata hotuba zake tulizipangia mapumziko, na mfukoni alikuwa na vidonge vidogo vyeupe alivyoviita vitamini, ambavyo alivimeza akigeukia ukutani. Choo chake cha wizarani kilikuwa kimejaa sisimizi. Nilikuwa nikiwaambia watu, hata wadudu wanaipenda wizara hii!

"Fundi wangu!" alisema akitoka, suruali bado anaifunga. "Fundi wangu amekonda kama kijiti na yu hai! Mleteni!"

*

Songoro alitangazwa Shujaa wa Taifa wa Lishe Bora. Yeye mwenyewe alifurahi, msidanganywe. Alijishonea suti mpya, ya kiuno chembamba, bila akiba ndani. Mwanaheri akaipiga pasi. Alifika naye ukumbini kabeba bakuli lenye mfuniko, na mimi nikadhani ni zawadi ya Mheshimiwa.

Mheshimiwa alihutubia. Hotuba ile bado naikumbuka: "Ndugu zangu, mtu huyu ameshinda sinia! Ameitazama samli usoni akaiambia, sikujui! Mtu aliyejinyima namna hii kwa ajili ya taifa hatuwezi kumwacha na njaa. Taifa lisilowalisha mashujaa wake ni taifa gani? Leteni pilau!"

Ikaja pilau. Mbuzi mzima juu yake, amekaa kama anahudhuria. Mheshimiwa akakunja mkono wa shati, akanawa, akafinyanga tonge kubwa, samli inachuruzika mpaka kwenye saa yake. Songoro akamtazama mkewe.

Mwanaheri akasimama. "Mheshimiwa, samahani. Mume wangu anaumwa sukari. Chakula chake nimekuja nacho hapa, mchicha na dagaa. Mlishe huu kwa mkono wako, heshima itakuwa ileile."

Ukumbi ukasema "aah!" Afisa itifaki akamnyang'anya bakuli, akalifunika na leso yake kama kitu cha aibu. "Mama, unataka kutuaibisha?" alimnong'oneza, ila kipaza sauti changu kilikuwa karibu, watu wote wakasikia. "Shujaa alishwe majani na waziri? Wageni watasema serikali haina chakula."

"Mbona wale wageni wenyewe walisamehewa?"

"Wale ni watu wa nje, hawajui. Huyu ni mwenzetu, ana utamaduni."

Mheshimiwa alikuwa bado ameshika tonge hewani. Akainama, akamuuliza Songoro kwa upole kabisa, upole ambao mimi ulinigusa: "Fundi wangu. Mkono wangu mchafu?"

Songoro akafungua mdomo.

Nikapaza sauti: "Makofi, jamani!" Baada ya Mheshimiwa akaja naibu, akaja katibu mkuu, wakaja wakurugenzi kwa mstari. Kisha soda. Kisha keki yenye umbo la mchicha, kijani kibichi, sukari tupu, wazo la wizara. Watu walicheka mpaka machozi kwa ubunifu ule. Mwanaheri tu ndiye aliyekaa mikono mapajani.

Nikamsogelea, nikamwambia, "Shangazi, changamka basi. Mumeo anaheshimiwa."

Akanitazama. "Namwona," akasema.

*

Kwa kuwa kilichofanyika makao makuu lazima kifanyike kila mahali, Shujaa akapelekwa ziara ya wilaya zote kuhamasisha ulaji wa afya. Mimi nikiwa katika msafara huohuo, nimeketi nyuma yake, nimeona yote.

Wilaya ya kwanza walimpikia ng'ombe. Ya pili wakasikia, wakaona haya, wakapika ng'ombe na kondoo. Huko bondeni walimpokea kwa wali wa nazi na halua iliyopakiwa kwenye toroli. Huko mlimani walimkaribisha kwa ndizi za mafuta na utumbo. Kila mahali alisimama akasema maneno aliyofundishwa, "Ndugu wananchi, punguzeni mafuta, punguzeni wanga, punguzeni sukari," na kabla hajamaliza sentensi tonge lilikuwa limeshafika. Wananchi walielewa vizuri sana. Niliwasikia wakisema, "Kumbe ukila kwa afya serikali inakulisha hivi!" Siku hizo wengi waliamua kula kwa afya.

Njiani Songoro aliomba. Alisema, "Tarumbeta, ndugu yangu, nitafutie hata kunde za kuchemsha. Hata tango." Nikamwambia aache utani, shujaa hali tango. Akaanza kunywa maji chupa kwa chupa. Gari likawa linasimama kila kichaka. Akanenepa, nayo ikawa raha kumwona! Ile suti yake haikuwa na akiba, ikampasukia kiunoni mbele ya wanafunzi wa shule nzima, wakashangilia.

Mwanaheri alifuata msafara kwa gharama yake, kwa mabasi, na kila tulipofika alikuwa ametangulia, amekaa pembeni na bakuli lake. Kila mahali lilichukuliwa. Nilimuuliza afisa itifaki anayapeleka wapi yale mabakuli, akasema anawapa kuku.

Katika wilaya ya mwisho Mwanaheri aliacha kuomba. Alimvua mumewe kiatu cha kulia mbele ya meza kuu. Kidonda kilikuwa kimefumuka, cheusi pembeni, na harufu yake ikafika mpaka kwenye biriani. "Tazameni," alisema. "Tazameni mnachokilisha."

Mkuu wa wilaya alitazama akajifunika pua. Kisha akasema jambo la busara: "Maskini Shujaa wetu, anaumwa! Basi ale apate nguvu." Wakamwongezea.

Dakta Sikudhani alisafiri akaja, akaingia ofisini kwa Mheshimiwa bila miadi. Nilikuwepo. "Mheshimiwa, mtu huyu mnamuua," alisema. "Na wewe mwenyewe nakujua unameza nini ukigeukia ukuta. Unajua vizuri kuliko mtu yeyote kwenye jengo hili."

Mheshimiwa akawa wa rangi ya majivu. Halafu akacheka, akampongeza kwa moyo wake wa uzalendo, akamteua palepale kuwa mganga mkuu wa kisiwa kimoja ambako hakuna watu ila ndege. Tulimfanyia karamu ya kumuaga. Alikula tonge lake huku akilia, na mimi nikasema kwenye kipaza sauti kwamba hayo ni machozi ya furaha.

*

Wageni wakarudi kuona maendeleo. Yule bwana wa karoti alileta mizani yake mwenyewe, ya kioo, akasema wao wanaamini kinachopimika. Mapema walikuwa wamempima Songoro kabla ya ziara. Sasa ikabidi apimwe tena, hadharani, na lazima awe amepungua, la sivyo msaada unakwenda nchi jirani.

Wizara nzima ilitaharuki, maana Shujaa alikuwa amevimba kama unga uliochacha. Lakini siku chache kabla ya kupimwa, hospitali kuu ikasema kidonda kimekula mfupa, na mguu wa kulia lazima uondolewe chini ya goti. Mwanaheri alipiga magoti kwa daktari mpasuaji, akamuuliza kama hakuna njia nyingine kabisa. Hapakuwa na njia nyingine. Ilikuwapo, ila ilikuwa imeliwa na kuku.

Siku ya kupimwa akaletwa kwa kiti cha magurudumu, shuka jeupe mapajani. Wauguzi wakamwinua, akasimama juu ya mizani kwa mguu mmoja, mkewe amemshika kiuno. Mgeni akainama kusoma.

"Amepungua!" akasema mgeni. "Amepungua sana!"

Loo, shangwe iliyolipuka! Watu walirushana juu. Mgeni alikuwa na machozi machoni, akauliza tumefanyaje, maana nchi nyingine zote wameshindwa. Mheshimiwa Mapande akasimama, akavuta koti lake: "Tumeondoa tu kile ambacho hakikuwa cha lazima."

Mgeni akaandika. Alikuwa akiandika na kutafuna, na macho yake hayakushuka chini ya shuka. Akasema mwaka ujao anatarajia Shujaa apungue tena kiasi hichohicho. Nikamwona Mheshimiwa akiutazama mguu wa kushoto kwa muda, kwa mapenzi.

Songoro alikuwa akiitazama ile nafasi tupu chini ya shuka, na mguu wa kushoto ukicheza taratibu, juu chini, juu chini, kama unatafuta pedali. Mwanaheri akauwekea mkono ukatulia.

Ushindi mkubwa namna ile haungeweza kupita kavu. Tukafanya karamu ya kupungua. Songoro alilishwa amelala, kwa kuwa hakuweza tena kukaa, na baada ya hapo hakuamka vizuri. Nilimtembelea hospitalini na shada la maua la wizara. Nikamkuta Mwanaheri amepitisha bakuli kwa siri chini ya kanga, anamlisha mchicha kidogokidogo kwa vidole. Mgonjwa akatafuna. Akasema, "Huu ndio chakula," kwa sauti ndogo, akatabasamu, akala tena kidogo. Akafa kabla ya adhuhuri, na mkewe akakumbatia lile bakuli akalia kwa sauti ambayo mimi na kipaza sauti changu hatujawahi kuitoa. Nilikasirika kidogo, nitasema kweli. Angalau angeyapokea maua.

*

Serikali iligharimia matanga. Taarifa ilitoka redioni kwamba Shujaa amekufa kwa kula mchicha hospitalini kinyume cha taratibu, na wananchi wajihadhari na majani. Watu wakasikitika, wakasema tangu mwanzo walijua. Mawifi walilia kwa kujirusha chini wakimtaja mwanamke aliyemnyima kaka yao chakula.

Uwanjani tulifunga maturubai, tukatandika mikeka. Masinia yalikuwa mengi sana, na wageni wa ng'ambo walikuja kupiga picha za mila zetu. Mheshimiwa Mapande akakaa mbele kabisa kama mgeni rasmi, amevaa suruali ileile ambayo marehemu aliiongeza kiuno mara ya mwisho. Nikashika kipaza sauti: "Sasa mfiwa atamlisha mgeni rasmi. Tutulie."

Mwanaheri akaja na kaniki yake nyeusi. Akanawa polepole sana, kidole baada ya kidole, huku Mheshimiwa akimsubiri na uso wa huzuni aliouandaa. Akafinyanga tonge la pilau. Akampa. Mheshimiwa akala, akainamisha kichwa, akangoja lile neno.

Mwanaheri akafinyanga jingine.

"Hili la wizarani," akasema. "Siku ya keki."

Mheshimiwa akala. Likaja la bondeni, na halua ndani yake. Likaja la mlimani, na mafuta. Akina mama wakaanza vigelegele, wakidhani ni mapenzi. Mimi pia nilidhani hivyo, nikasema, "Mnaona, jamani, mfiwa anavyoithamini serikali yake!"

Baada ya muda Mheshimiwa akaushika mkono wa Mwanaheri. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni. "Mama," akasema chini chini, "imetosha."

Mwanaheri akabaki ameshika tonge hewani. Akainama, akamuuliza kwa upole uleule: "Mheshimiwa wangu. Mkono wangu mchafu?"

Sheria ile ya tonge aliitia saini Mheshimiwa mwenyewe. Alinitazama mimi, akawatazama wakurugenzi, nao wakatazama mikeka. Akamtazama bwana wa karoti, na bwana wa karoti akaweka mkono kifuani kwa heshima, akasema, "Ni utamaduni wenu. Sisi hatuingilii."

Mheshimiwa akafungua mdomo.

Sikumbuki ni matonge mangapi. Nakumbuka soda iliyofunguliwa. Nakumbuka mkono wake ukiingia mfukoni kutafuta vitamini, na Mwanaheri akiutoa taratibu na kuuweka juu ya goti, "Kula kwanza, baba." Nakumbuka kiuno cha suruali kikipasuka, na akiba yote ya kitambaa ikichungulia nje, na hapakuwa na fundi. Mwanaheri hakusema "basi". Hata Mheshimiwa alipoanza kuyumba, hata macho yake yalipogeuka meupe na akalala ubavu mkekani, yeye alimfuta samli mdomoni kwa upindo wa kaniki, akamwekea tonge jingine kati ya midomo. Wageni walipiga picha. Watu wakashangilia, maana hakuna aliyewaambia waache.

Kisha Mwanaheri akanawa upya. Akavuta sinia jingine, akageuka.

"Na wewe, Tarumbeta," akasema. "Ulikuwa kila mahali. Njoo nikulishe."

Nilitaka kusema niko kazini. Kidole changu cha mguu kilikuwa kinawasha ndani ya kiatu, kinawasha tangu ile ziara, na kwangu nyumbani sisimizi siku hizi wanafika mpaka mlango wa choo. Lakini watu wote walikuwa wananiangalia, na tonge lilikuwa limeshafika. Nikashusha kipaza sauti nikafungua mdomo, kwa kuwa mimi ni mtu mwenye utamaduni.